Acheni kumwahidi mteja dakika 20

Wauzaji wenzangu, leo siongelei picha wala bei. Leo ni pikipiki, na najua wapo watakaonipinga.

Kila ukurasa ninaopita naona "tunakuletea ndani ya dakika 20 tu". Na mimi niliandika hivyo miezi saba.

Nauza vyombo vya jikoni hapa Mwanza: vikombe, sahani, bakuli za kioo, chupa za chai. Anayeijua Mwanza anajua wateja wanakaa wapi. Mtu anaagiza anakwambia niko Igogo, au Mabatini, unadhani ni karibu na lami. Kumbe nyumba iko juu kabisa, njia ni mawe matupu, upana wake wa mtu na mbuzi wake. Bodaboda anakushusha chini: "Bosi, huko juu ongeza buku mbili au panda mwenyewe." Ndiyo maana nikajichanga nikanunua ya kwangu, ya mkononi, cc 125.

Sasa siku hiyo mama mmoja ameagiza vikombe na glasi za kicheni pati ya binti yake. Nimeahidi dakika 20, zimebaki tano. Nikapandisha kilima na gia ya pili, moto mwingi, tairi la mbele likagonga jiwe likaruka pembeni. Mimi nilichubuka kiwiko tu. Boksi ndilo lilishuka kilima peke yake, nililisikia kabla sijaliona. Mzigo wa elfu 68. Faida yangu humo ilikuwa elfu 14, nauli niliyomtoza elfu 3. Fanya hesabu mwenyewe ni oda ngapi nilitakiwa nipeleke kufidia zile dakika tano.

Yule mama hakunitukana. Aliniambia, "Mwanangu, ningekusubiri." Akaenda kununua sokoni, na hajarudi kwangu mpaka leo.

Jioni ile nauguza kiwiko huku napekua simu, nikakutana na video za mchezo unaitwa trayali. Ni mchezo wa pikipiki ambao mwendo kasi haukusaidii kitu. Unapita kwenye mawe na magogo, na kinachohesabiwa ni mguu wako: ukigusa chini mara moja adhabu pointi 1, mara mbili 2, zaidi ya hapo 3, ukishindwa kupita kabisa 5. Mwenye pointi chache ndiye anashinda. Kuna Mhispania, Toni Bou, kuanzia 2007 hadi 2024 hakukosa ubingwa wa dunia hata mwaka mmoja, na Montesa anayopanda ina injini ya Honda ya mipigo minne, yaani ile ambayo oili haichanganywi na petroli, kama za kwetu. Nikasema kumbe! Yale mawe anayopita yule jamaa ndiyo njia ya mteja wangu, tofauti ni kwamba yeye hana vikombe nyuma.

Nikaanza kujifundisha. Jumapili asubuhi, uwanja mtupu, boksi limejaa mchanga badala ya vyombo. Kwanza nilijifunza kwenda polepole kuliko mtu anayetembea bila kushusha mguu. Ni kazi kuliko kukimbia, jaribu uone. Ukifika kwenye mawe nyanyuka kidogo kwenye siti, simama kwenye vikanyagio, goti likunje, acha pikipiki icheze chini yako. Macho yaangalie unakokwenda, ukiliangalia jiwe utaligonga. Gia ya kwanza, kidole kiko kwenye klachi. Ila klachi usiibembeleze kilima kizima, utaiunguza na fundi atakuchekea. Kushuka ndiko utaipenda injini ya mipigo minne: weka gia ya kwanza, achia moto, injini yenyewe inakushikilia, breki unasaidia tu.

Fundi wangu alinibadilishia sproketi ya mbele, akaweka yenye jino moja pungufu. Kwenye lami imekuwa mzito kukimbia, kilimani inavuta vizuri. Mimi hiyo biashara nimeikubali. Kitu ambacho usiwaige wale wa trayali ni upepo wa tairi. Wao wanaacha kidogo sana ili tairi lishike mawe. Wewe una mzigo na unarudi barabarani, jaza kama inavyotakiwa. Kofia ngumu, leseni na bima sivielezi, wewe ni mtu mzima.

Na wale msio na pikipiki msidhani haiwahusu. Huyo kijana wa boda anayepita katikati ya daladala na keki yako, nani anamkimbiza? Ni wewe na tangazo lako. Mteja akipiga simu "bado tu?", wewe unampigia kijana, naye anaongeza moto. Akivunjika mguu wewe unatafuta boda mwingine, yeye anabaki na mguu wake. Hilo tunalifanya na tunalijua.

Mwenzangu mmoja wa nguo aliniambia nikiacha kuahidi haraka wateja watahamia kwa wengine. Ni kweli, wawili watatu walihama. Na anayeuza chipsi simwambii kitu, zikipoa zimepoa. Lakini sufuria haipoi! Siku hizi naandika hivi: "Igogo na Mabatini, saa 9 alasiri hadi saa 11 jioni." Naunganisha oda nne au tano safari moja, petroli imepungua, na mtu anajua muda wa kuwepo nyumbani. Tangu nianze, kilichovunjika njiani ni mfuniko mmoja wa bakuli, na nilikuwa nimeufunga vibaya mwenyewe.

Mvua ikinyesha siipandishi kabisa, yale mawe yanateleza kama sabuni. Naiacha chini kwa mama anayeuza maandazi, namwachia buku ya kunitunzia, boksi naliweka kichwani napanda kwa miguu. Mteja namtumia ujumbe kwamba nitachelewa nusu saa. Mpaka sasa wote wamenijibu "sawa".