Diaspora: Dola 209 kwa mwaka ili kuruka mstari wa kiwanja cha ndege ni pesa iliyotupwa

Kuna kampuni kule Marekani inayouza kitu kisichoshikika mkononi: nafasi ya mbele kwenye mstari. Inaitwa CLEAR. Anayetaka nafasi hiyo analipa dola 209 kila mwaka, anaandikisha macho, uso na vidole, kisha akifika kwenye kiwanja cha ndege anapelekwa mbele ya watu waliomtangulia. Wauzaji wake wanasimama papo hapo kiwanjani na kumwita kila apitaye, na Mkongomani anayeishi Kentucky, Texas au Ohio hupita hapo naye, akiwa na masanduku yake na haraka yake.

Mtu atauliza hilo linawahusu nini wakaaji wa Goma, Bukavu au Uvira, au waliofukuzwa Bulengo na Lushagala mwezi wa pili 2025 wakarudi vijijini kukuta nyumba hazipo. Linawahusu kwa sababu pesa inayolipwa pale ni ile ile inayongojewa huku. Ni minervali ya mtoto wa sekondari, ni kodi ya chumba, ni dawa ya mama. Mwenye kuituma hakuiokota barabarani. Wengi wanafanya kazi ya usiku kwenye depo na viwanda vya nyama, na wengi walianza maisha kule na deni la tikiti ya ndege, ule mkopo usio na riba ambao mkimbizi hutia sahihi kupitia OIM kabla ya kupanda, kisha anaulipa kidogo kidogo. Mtu wa namna hiyo akishawishiwa kulipa dola 209 ili asisimame dakika ishirini, jamaa yake ana haki ya kuuliza hesabu.

Kwanza ieleweke ni nini hasa kinachouzwa, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Ukaguzi wenyewe haufanywi na CLEAR. Unafanywa na TSA, ofisi ya serikali iliyoundwa Novemba 2001 baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Kwenye kiwanja kuna hatua mbili: kuonyesha karatasi, halafu kupita kwenye mashine na mizigo ya mkononi. CLEAR inafupisha ile ya kwanza tu. Ukishapita hapo unasimama kwenye mashine na wengine. Anayetaka na mashine iwe nyepesi, bila kutoa kompyuta mfukoni, anahitaji kitu kingine kinachoitwa TSA PreCheck, kilichoanza 2011, nacho kinalipiwa kando: kati ya dola 76 na senti na dola 85, kwa miaka mitano. Kuna na Global Entry, dola 120 kwa miaka mitano, inayomsaidia mtu anaporudi kutoka nje ya nchi, na ndani yake PreCheck imo tayari.

Sasa hesabu. PreCheck inatoka kwenye dola kumi na tano hadi kumi na saba kwa mwaka. CLEAR kwa miaka hiyo hiyo mitano, bei ikibaki ilivyo, ni dola 1,045. Na bei haina desturi ya kubaki ilivyo: kabla ya 209 ilikuwa 199, na kabla ya hapo 189.

Tumchukue ndugu wa kawaida wa diaspora. Anasafiri mara moja kwa mwaka, pengine mara moja kwa miaka mitatu, kuja kuona wazazi au kuzika. Tangu kiwanja cha Goma kifungwe kwenye mapigano ya Januari 2025, mtu wa Goma anashukia Kigali na kumalizia kwa barabara. Safari hiyo ina vituo vingi vya ukaguzi: Marekani, halafu Brussels au Addis Ababa au Istanbul, halafu Kigali wakati wa kurudi. Kati ya hivyo vyote, CLEAR inafanya kazi Marekani peke yake. Kigali haijui kadi yake, Addis haijui. Kwa hiyo amelipa dola 209 kwa mstari mmoja. Tena siyo mstari mrefu kuliko yote, maana kila Mkongomani aliyewahi kusafiri na masanduku mawili ya kilo 23 yaliyojaa viatu vya watoto wa shangazi anajua mstari unaochosha ni ule wa kupima mizigo. Ule hakuna anayeuza njia ya kuuruka, isipokuwa kampuni ya ndege kwa tikiti ya daraja la juu.

PreCheck nayo haitumiki kwenye kila ndege. Lazima kampuni ya ndege iwe kwenye orodha ya TSA, na namba ya mwanachama iandikwe kwenye tikiti, la sivyo unapita kama wengine. Halafu Julai 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba wasafiri wote wanaweza kubaki na viatu miguuni wakati wa ukaguzi. Kutovua viatu kulikuwa moja ya vitu ambavyo watu walikuwa wakivilipia. Siku moja kilikuwa cha kuuzwa, kesho yake kikawa cha wote, na usalama haukusemwa kuharibika.

Hapo ndipo ubaya wa biashara hii unaonekana. Kila msafiri anayeondoka kwenye kiwanja cha Marekani amekwisha kulipia ukaguzi ndani ya tikiti yake: dola 5.60 kwa safari ya njia moja. Na mwaka 2013 bunge la nchi hiyo liliamua sehemu ya ada hiyo isiende kwenye ukaguzi bali kujaza pengo la bajeti. Yaani mtu analipa ili mstari uende vizuri, sehemu ya pesa inapelekwa kwingine, mstari unabaki mrefu, halafu anaambiwa: ukiongeza pesa utaepuka huo mstari. Mama wa sokoni Virunga angeuliza swali moja tu: anayeuza njia ya kuruka mstari, atafurahi siku mstari ukiisha?

Mwaka 2024 seneta wa jimbo la California, Josh Newman, alileta mswada wa kuitaka CLEAR iwe na njia yake na wakaguzi wake, isiingize wateja wake mbele ya watu waliosimama. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mwenye pesa anapowekwa mbele, kuna asiye nazo anayerudishwa nyuma. Makampuni makubwa ya ndege yaliupinga, na haukupita. Msomaji ajue pia kwamba Delta na United ni kati ya makampuni yaliyoweka pesa zao katika CLEAR.

Watetezi wana neno la kusema, na lisikilizwe. Mfanyabiashara anayepanda ndege kila wiki, au fundi anayetumwa na kampuni mji hadi mji, dakika zake ni pesa. Huyo anunue; mara nyingi hata halipi mwenyewe, inalipwa na mwajiri au na kadi ya benki ya watu wenye uwezo. Na mama mwenye watoto wadogo ana sababu ya kutafuta PreCheck, kwa kuwa mtoto wa miaka 12 kushuka anapita naye bila malipo. Mwenye kadi ya kijani au uraia ambaye kweli anakuja Afrika kila mwaka, Global Entry kwa dola 120 za miaka mitano ndiyo yenye akili kati ya zote tatu. Lakini CLEAR kwa mtu wa depo anayeruka mara moja kwa mwaka? Hapana. Dola 209 ni zaidi ya Go-Pass nne za safari ya nje, kwa bei ya dola 50 iliyowekwa 2009. Na Wakongomani wanajua namna walivyolalamikia hiyo Go-Pass.

Kuna jambo lingine lisilosemwa kwenye matangazo. Mkimbizi aliyefika karibuni, ambaye hajapata kadi ya kijani, haruhusiwi kuingia PreCheck hata akiwa na pesa. Na kwa mkimbizi kadi hiyo haiombwi kabla ya mwaka mmoja kupita. Kwa hiyo aliyeishi kwenye mistari maisha yake yote, ya maji, ya unga, ya jetoni, akifika kule anawekwa tena kwenye mstari mrefu, na pesa yake haitakiwi.

Wakaaji wa huku wasicheke. Kiwanja cha Ndjili kina protokole wake, wale vijana wanaokamata pasipoti yako, wanakupitisha mbele ya wazee waliosimama tangu asubuhi na kungoja «kitu kidogo» upande wa pili. Tofauti na Marekani ni kwamba kule wanatoa risiti.

Na desturi hiyo ya kuamini kwamba kila mstari una mlango wa nyuma ndiyo inayowala watu makambini. Nakivale, Kyangwali, Nyarugusu, kokote Wakongomani waliko, komisionere anaweza kutokea akiahidi kusogeza jina mbele kwenye orodha ya kwenda Marekani. Mwaka 2024 wa bajeti, Wakongomani walikuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Januari 2025 rais Donald Trump akausimamisha mpango huo. Mlango ukifungwa, wauza funguo huongezeka. HCR inasema kila siku: huduma zake zote ni za bure, kuandikishwa ni bure, kuhojiwa ni bure. Hakuna kadi ya uanachama ya kupita mbele, na anayeiuza ni mwizi, hata kama anavaa jile ya shirika.

Walioko Marekani nao wanatumiwa barua pepe za uongo za PreCheck, na serikali ya huko imewaonya watu juu yake. Anayejiandikisha mara ya kwanza lazima afike mwenyewe kwenye biro, aweke vidole, na ndipo alipe. Ukiombwa pesa kwenye simu kabla ya kufika huko, funga simu.