Hisabati Ipimwe Pia Darasani

Kila mwaka yanapotangazwa matokeo ya mitihani, kilio huwa kimoja: Hisabati. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023, ambao vijana wa Unguja na Pemba huufanya pamoja na wenzao wa Bara, waliofaulu somo hilo walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa. Wazee huwalaumu walimu, walimu huwalaumu watoto, na watoto hulilaumu somo. Baada ya wiki mbili kilio hupoa, na mambo huendelea kama yalivyokuwa. Sisi tunaona liko swali moja ambalo halijaulizwa kwa uzito unaostahiki. Makosa yale hayakuzaliwa ndani ya chumba cha mtihani. Yalianza lini, na nani alipaswa kuyaona?

Tutoe mfano mdogo, ambao kila mwalimu wa skuli ya msingi anaujua. Mtoto anapewa hesabu ya kutoa: 503 kutoa 278. Anajibu 375. Msahihishaji anapiga mkasi na kuendelea na safari yake, maana jibu sahihi ni 225. Lakini mtazame mtoto huyo anavyofanya kazi. Ameona 3 na 8, akatoa ndogo katika kubwa, akapata 5. Ameona 0 na 7, akapata 7. Kisha 5 kutoa 2, akapata 3. Huyu hakubahatisha wala si mvivu. Anayo kanuni yake aliyojitungia, na anaifuata kwa uaminifu kila siku. Alama ya mkasi haimwambii mwalimu jambo hilo, na wala haimwambii mtoto. Mwalimu aliyempa vijiti vilivyofungwa mafungu ya kumi kumi na mafungu ya mia, akamwambia atoe 278 mbele ya macho yake, angelijua tatizo kwa dakika tatu. Asipopatikana mwalimu huyo, mtoto ataichukua kanuni yake hadi Kidato cha Nne.

Hiyo ndiyo maana ya kupima kwa kazi za darasani. Wengi wetu tukisikia neno hilo hufikiria majaribio ya kila mwezi, yaani mtihani mdogo unaotangulia mtihani mkubwa. Sivyo. Kazi ya darasani ni jambo analopewa mwanafunzi alifanye, huku mwalimu akitazama njia anayoipita na kumtaka aeleze kwa nini ameipita. Wape watoto wa Darasa la Sita kamba ya mita 16, watoke uwanjani wazungushie kitalu cha miche ya mikarafuu chenye umbo la mstatili. Kundi moja litafanya mita 7 kwa 1, jengine 6 kwa 2, jengine 4 kwa 4. Kisha waulizwe ni kitalu kipi kitakachochukua miche mingi zaidi. Wapo watoto wanaojua kwa ghibu kwamba eneo ni urefu mara upana, na kwenye karatasi hupata alama zote, lakini hapo uwanjani watasema vitalu vyote ni sawa kwa sababu kamba ni ile ile. Wakipima watakuta mita za eneo 7, 12 na 16. Mtoto aliyeshangazwa na jambo hilo mara moja hatachanganya tena mzingo na eneo, na mwalimu amekwishajua nani alikuwa akijua na nani alikuwa akikariri.

Jambo hili si geni kwetu. Sisi tuliopita chuoni kabla ya skuli tunakumbuka kwamba mwalimu hakuwa na mtihani wa mwisho wa mwaka. Kila mwanafunzi alikwenda mbele na ubao wake, akasoma, akarekebishwa harufi kwa harufi, na ubao haukufutwa mpaka mwalimu aridhike. Mwenzako angeweza kuwa juzuu tatu mbele yako, na hakuna aliyekusukuma umfuate ilhali hujui ulipo. Ni kweli kwamba chuo kile kilikuwa na fimbo nyingi na maelezo machache, na hatutaki kukisifu kwa yasiyokuwamo. Lakini katika kumjua kila mtoto amefika wapi, skuli zetu bado hazijakifikia.

Na hisabati yenyewe ina mizizi katika maisha ya Waislamu. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha aljebra huko Baghdad katika karne ya tisa, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa mas-ala ya wasia na mirathi. Kwa nini basi vijana wetu wafundishwe sehemu kwa mikate ya kuchorwa ubaoni peke yake? Mtu amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, na mali ya shilingi 3,200,000. Mke ana thumni, yaani 400,000. Inayobaki hugawanywa mafungu manne: mtoto wa kiume mawili, 1,400,000, na kila binti moja, 700,000. Mwanafunzi akiulizwa kila binti amepata sehemu gani ya mali yote, akasema 7 ya 32, akaonesha alivyoipata, huyo anazijua sehemu. Akisema robo, kwa kuwa mafungu yalikuwa manne, basi amesahau kwamba mke ameshatoa chake, na mwalimu anajua pa kuanzia.

Watendaji wenye kumbukumbu watatwambia kwamba tumeshajaribu. Ni kweli. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alilalamika kwamba mitihani inapima kukumbuka mambo yaliyosomwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likafuata, na kuanzia mwaka 1976 maendeleo ya mwanafunzi skulini yakaanza kuhesabiwa katika matokeo yake ya mwisho. Nia ilikuwa njema. Lakini mara alama za skuli zilipoingia katika hesabu ya cheti, ziliingia na tamaa. Zikaonekana skuli zilizopeleka alama za juu kwa wanafunzi ambao mtihani wenyewe uliwaangusha vibaya. Kila alama inapokuwa tiketi, hakuna mwalimu atakayeandika kwamba mtoto wake hajui kutoa.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wale wanaotaka kila kazi ya darasani iandikwe alama na ipelekwe juu. Wataalamu wawili wa King's College, London, Paul Black na Dylan Wiliam, walipitia tafiti nyingi na kutoa muhtasari wao mwaka 1998. Walionesha kwamba tathmini ya darasani huinua elimu pale inapotumiwa kurekebisha ufundishaji. Daftari lililojaa tarakimu ambazo hakuna aliyezifanyia kazi halimsaidii mtu.

Liko pia suala la lugha. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati ifundishwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la Tano. Mjadala wake umekuwa mrefu, nasi hatuufungui wote hapa. Tunasema hili tu: mtoto aliyekosa swali la maneno kwa Kiingereza, karatasi haiwezi kutwambia kama amekosa hesabu au amekosa lugha. Mwalimu akimwambia alieleze kwa Kiswahili atajua papo hapo. Tumewasikia watoto wa Makunduchi na Micheweni wakikokotoa ujira wa kuchuma karafuu kwa pishi, na kibaba kinachozidi juu yake, bila ya kalamu. Hao hao darasani huitwa wazito.

Mtaala wa umahiri ulioanza kutumika katika maskuli yetu mwaka 2023 unataka mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kukifanya. Serikali imejenga maskuli ya ghorofa ili kupunguza msongamano na kuondoa mikondo miwili, na hilo linastahiki shukurani. Hata hivyo mwalimu mwenye watoto sitini hawezi kuwasikiliza wote katika kipindi cha dakika arobaini. Anaweza kuwasikiliza kumi leo na kumi kesho, iwapo silabasi haitamkimbiza na iwapo hatatakiwa kujaza fomu juu ya fomu kuthibitisha kwamba amewasikiliza. Mafunzo ya walimu kazini nayo yawafundishe kuyasoma makosa ya watoto, kama daktari anavyosoma homa, badala ya kuwahesabia semina walizohudhuria.

Kwa viongozi wa Chama na Serikali wanaozuru maskuli tuna ombi moja. Wakifika Darasa la Nne, wasianze kwa kuuliza asilimia ya ufaulu. Wachukue daftari la mtoto yeyote, watafute hesabu aliyoikosa, na wamuulize mwalimu mtoto huyu alifikiri nini alipoandika jibu hili. Kisha wangoje jibu.