Skrini ya Bandari Haijui Kiswahili

Lubumbashi haina bahari, lakini bandari tunayo: iko Dar es Salaam, karibu kilomita 2,000 kutoka hapa. Shaba yetu hupita Kasumbalesa, ikakata Zambia nzima, ikatokea Tunduma na kushuka hadi pwani. Njiani lori moja husomwa na kompyuta za nchi tatu. Forodha yetu, DGDA, hutumia Sydonia World, programu ya UNCTAD, kwa Kifaransa. Zambia hutumia programu hiyo hiyo kwa jina la ASYCUDA, kwa Kiingereza. Tanzania iliacha ASYCUDA++ iliyokuwa imezeeka, ikachukua TANCIS, iliyojengwa juu ya mfumo wa Wakorea. Kiingereza tena.

Dereva je? Anaondoka kwao na Kiswahili, anafika Dar na Kiswahili.

Mwaka jana lori la yaya wangu lilisimama mpakani siku nne. Kila asubuhi alipouliza aliambiwa, "Sisteme imekataa." Imekataa nini? Hakuna aliyemwambia. Siku ya tano kijana mmoja alimsomea ujumbe uliokuwa kwenye skrini tangu siku ya kwanza: namba ya kontena ilikosewa tarakimu moja. Sentensi moja ya Kifaransa, na siku nne za maegesho, chakula na simu kwa tajiri.

Najua nitakachojibiwa: dereva hatumii programu, anayeitumia ni wakala. Ndiyo, na hapo ndipo shida ilipo. Wakala akikosea, anayelala chini ya lori si yeye. Tena anayejua peke yake kilichoandikwa anaweza kukitafsiri kwa bei anayotaka.

Wakati wa ukoloni vilichapwa vitabu vidogo vya Kiswahili ili mabosi Wazungu wa Katanga waweze kuwaamuru wafanyakazi. Walijua kazi haiendi bila lugha ya mfanyakazi, hata kama nia yao ilikuwa kuamuru tu. Leo tunanunua mifumo mipya, tunahesabu dakika zilizookolewa, na sentensi inayomweleza mtu kwa nini amesimamishwa hatuioni kuwa sehemu ya kazi. Kweli, tafsiri haitarudisha mtandao ukikatika. Lakini ujumbe wa makosa ni maandishi, na maandishi ni kazi ya kitivo hiki. Tunaandika tasnifu nyingi juu ya ngeli (yangu ikiwemo), lakini hakuna anayetutuma Kasumbalesa na daftari.

Mimi nimeshaanza. Nimeandika jumbe kumi na mbili ambazo madereva hukutana nazo mara nyingi, nikazitia katika Kiswahili, kisha nikamsomea yaya. Kwenye "tamko lako limekataliwa" alicheka. Akasema tamko ni la rais kwenye redio. Wao husema "karatasi imerudi". Nimefuta tamko.