Mtoto si Mzigo wa Safari

Watu huzichanganya safari mbili kwa kuwa zote hupita njia moja. Safari ya kwanza ni ya mtu mzima aendaye mjini na mtoto nyuma yake. Ya pili ni ya mtoto aendaye mjini akiongozwa na mtu mzima. Katika ya kwanza mtoto ni mzigo: hupakiwa, hupakuliwa, huvutwa mkono na huamriwa kunyamaza. Katika ya pili mtoto ni msafiri: ana hamu yake, ana macho yake, na siku ile imewekwa kwa ajili yake. Nadai katika insha hii ya kuwa safari ya kwanza haistahili jina la likizo, hata ikigharimu fedha nyingi namna gani. Na ya kuwa kinachoziharibu likizo nyingi za mjini si umaskini, wala umbali, wala utundu wa watoto, bali ni mpango mbaya wa watu wazima.

Pengine, msomaji, utauliza neno hili lakuhusu nini, nawe hujawa mzazi. Lakuhusu sana. Katika nyumba nyingi za nchi yetu, shule zinapofungwa, mwanafunzi wa sekondari ndiye akabidhiwaye wadogo zake. Huambiwa, “Wapeleke wenzako Nairobi kwa shangazi, ukawatembeze.” Basi wewe ni kiongozi wa msafara kabla hujawa baba au mama, na desturi utakayoianza kwa wadogo zako ndiyo utakayowatendea wanao. Mwiba uchomeao huanza kuchongoka ungali mchanga. Na mazoea mema ni vivyo hivyo.

Tazama kwanza jinsi safari mbaya ipangwavyo, kama yastahili kuitwa imepangwa. Asubuhi watu wazima huamka na orodha ya shughuli zao: nguo za Gikomba, fundi wa simu wa Luthuli, jamaa wa Kayole ambaye hajatembelewa mwaka mzima, na mwisho, nafasi ikibaki, “mahali pa watoto.” Nafasi haibaki. Watoto huvuka Nairobi yote wasione ila migongo ya watu. Saa saba mchana wana njaa, nao huambiwa wangoje. Saa tisa mdogo wao aanza kulia, naye hupigwa kofi. Jioni mvua yanyesha, nauli ya matatu yapanda, na watu wamesimama kituoni wakilaumiana. Kesho yake utasikia hukumu ikitolewa: “Watoto hawa hawana shukrani.” Shukrani ya nini? Nani kati yetu angeshukuru kwa kuburutwa kutwa nzima kufuata shughuli za mwingine?

Mpango mwema una vipimo vitatu, navyo vyote hutoka kwa mtoto mwenyewe: miguu yake, tumbo lake na swali lake.

Kipimo cha kwanza ni miguu. Hatua ya mtu mzima ni ndefu kuliko ya mtoto wa miaka mitano. Kwa hiyo siku moja yatosha mahali pawili: pamoja asubuhi, mahali pa pili alasiri, na mapumziko katikati. Atakaye kuonyesha mahali patano kwa siku moja haonyeshi hata pamoja. Yafaa pia kuchunguza majira. Nairobi imekaa mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na likizo ya Agosti huangukia katika baridi yake. Mtoto wa Mombasa aletwaye huko bila sweta hataona cho chote. Atauona ubaridi tu. Likizo ya Aprili nayo huangukia katika masika. Yapasa siku hiyo kuwe na mahali penye paa pa kukimbilia.

Kipimo cha pili ni tumbo. Wapo wanaodhani kwamba kubeba chakula na maji mjini ni aibu ya washamba. Aibu iliyo kubwa zaidi ni mtoto kulia kwa njaa mbele ya mkahawa ambao mkubwa wake hawezi kulipia. Chukua viazi vitamu, chukua ndizi, chukua maji. Ukiisha kufika mahali, swali lako la kwanza liwe choo kiko wapi. Jambo hili haliandikwi katika vitabu vya sifa za miji, lakini limeharibu matembezi mengi kuliko mvua.

Kipimo cha tatu ndicho kikubwa, nacho ni swali. Mtoto hafurahishwi na ukubwa wa kitu wala bei yake. Hufurahishwa na kitu kinachomfanya aulize. Nairobi ina vitu vya namna hii kwa wingi. Katika Makumbusho ya Reli kuna behewa ambamo afisa wa polisi, Charles Ryall, alichukuliwa na simba mwaka 1900 katika stesheni ya Kima. Alikuwa akimvizia simba yule, usingizi ukamshika, na mwindaji akawa mwindwa. Mwache mtoto atazame dirisha la behewa, akadirie kwa mikono yake simba alipitaje. Katika Makumbusho ya Taifa kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais na kufa mwaka 1974. Meno yake yalikuwa marefu mno hata mtoto atauliza alilalaje.

Na katika makumbusho hayo hayo kuna habari ya mtoto mwenziwe. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya hodari wa kutafuta mifupa ya kale, aligundua huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, mabaki ya kijana aliyeishi miaka ipatayo milioni moja na nusu iliyopita. Alikufa kabla hajakua. Mtoto akielezwa hivyo hatauliza juu ya mamilioni ya miaka. Atauliza mama yake alikuwa wapi. Usimcheke, hilo ndilo swali la kibinadamu kuliko yote, na wataalamu wenyewe hawana jawabu lake.

Yapo maswali mengine yatakayokushinda wewe mwenyewe. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1946, nayo ina eneo la kilomita za mraba 117 karibu kabisa na majengo ya jiji. Ndani yake ndimo serikali ilimochoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, na zaidi ya tani 100 mwaka 2016. Mtoto atauliza kwa nini kitu cha thamani kichomwe moto. Ukimjibu ya kwamba kilichomwa ili dunia ijue kuwa pembe haina thamani ila ikiwa juu ya ndovu aliye hai, huenda akakubali, huenda akabisha. Akibisha, siku yenu imefanikiwa.

Sasa tuwasikilize wapinzani wetu, kwa maana wapo, na baadhi yao ni watu wenye busara.

Mmoja husema mtoto hajui la kuchagua, basi mkubwa na amchagulie. Hoja hii ina nusu ya kweli. Mtoto wa miaka sita hawezi kupanga safari nzima, wala hajui nauli wala saa za kufungwa milango. Lakini aweza kuchagua moja katika matatu. Keti naye usiku mmoja kabla ya safari, umwambie: kuna behewa la simba, kuna sanamu ya ndovu, kuna msitu wenye mto. Nauli, saa na njia zibaki mikononi mwako. Uchaguzi uwe wake. Utaona ajabu: mtoto aliyechagua hulinda safari yake kama mali. Hataki kuchelewa, hasumbui njiani, na uchovu huuvumilia. Wazazi hutafuta adabu kwa fimbo, nayo ilikuwa karibu nao katika kumpa mtoto neno la kusema.

Mwingine husema mji si mahali pa watoto. Wapelekwe shambani kwa nyanya, wakaone ng’ombe na kujua asili yao. Shamba nalisifu, na mtoto asiyemjua nyanya yake amedhulumiwa. Lakini je, mtoto aliyezaliwa Umoja, au Kibera, au Eastleigh, asili yake ni ipi? Wapo maelfu ya watoto waliozaliwa ndani ya Nairobi ambao hawajaingia katika makumbusho yake hata mara moja, nao huishi katika mji wao kama wapangaji. Mgeni aliyesafiri kwa ndege aujua mji huo kuliko wao. Kuwapeleka shamba kila likizo, bila kuwaonyesha mji wanaoishi, ni kuwaambia kwa vitendo kwamba wanapolala si kwao.

Wa tatu husema: hayo ni ya matajiri. Huyu namhurumia, kwa kuwa amedanganywa na mtu mwingine, yaani yule anayesema kwamba raha ya mjini iko katika maduka makubwa. Tafakari jambo hili. Katika duka kubwa kila kitu kimepangwa ili kinunuliwe. Mtoto akiingia humo na mkubwa mwenye shilingi mia tano, atatamani vitu elfu, atapata kimoja, na vilivyobaki vitamfuata nyumbani kama madeni. Hakuna mahali panapomfanya mtoto wa maskini auone umaskini wake kama hapo. Linganisha na ile bustani ya miti iitwayo Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907. Humo nyani hawaulizi mtoto ana viatu gani. Makumbusho nayo hutoza mtoto kiingilio kilicho chini ya cha mtu mzima. Mwenye kidogo na aweke akiba kidogo kidogo tangu mwanzo wa muhula, achague mahali pamoja, aende kwa miguu kutoka kituoni. Fedha zake zitatosha. Kinachopunguka mara nyingi ni mpango.

Huenda ukafikiri, msomaji, kwamba nimelifanya jambo dogo kuwa kubwa. Basi nikukumbushe habari moja. Uhuru Park ilifunguliwa mwaka 1969 ili wakazi wa jiji wapate mahali pa kupumzika. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga ndani yake jumba la orofa 60. Wenye mpango waliitazama bustani ile wakaona kiwanja kitupu. Wangari Maathai aliitazama akaona mahali pa watu wasio na bustani nyumbani. Aliandika barua, akatukanwa hadharani, akaendelea kuandika, hata mradi ule ukaachwa. Mwaka 1999 yeye na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, uliokuwa ukigawiwa wajenzi. Msitu huo ungali upo. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Nauliza: tofauti ya macho yale mawili yatoka wapi? Siwezi kujua mioyo ya watu, lakini najua hivi: mtu hulinda alichokipenda, na hupenda alichokifurahia angali mdogo. Mtoto aliyelala chali juu ya nyasi za bustani akala ndizi yake, ni vigumu kumshawishi baadaye kwamba pale ni kiwanja kitupu. Mtoto ambaye Nairobi kwake ni maduka na foleni, kwa nini asikubali nyasi zile ziuzwe? Tunapowanyima watoto likizo njema ya mjini hatuwanyimi mchezo tu. Twaulea mji usiokuwa na watetezi.

Imebaki hofu, nayo si ya kudharauliwa. Mji una magari, una wezi, na mtoto aweza kupotea. Lakini hofu si mpango; hofu humfungia mtoto ndani tu. Kabla ya kutoka, hakikisha kila mtoto ajua jina kamili la mzazi na nambari yake ya simu kwa moyo. Mfikapo mahali, onyesha mti au lango na useme, “Tukipotezana, tukutane hapa.” Mfundishe amwendee nani akikuhitaji: askari wa langoni, au mama mwenye watoto. Gawa kazi pia: mmoja ahesabu watu, mmoja abebe maji, mmoja akumbuke jina la kituo cha kurudia. Mtoto mwenye kazi hapotei upesi kama mtoto anayeburutwa.

Basi likizo ijayo, utakapoambiwa uwatembeze wadogo zako, usikubali kazi hiyo kama mchukuzi akubalivyo mizigo. Omba siku nzima, isiyochanganywa na shughuli za mtu mwingine. Kama wazazi watasema hapana, waombe nusu ya siku, lakini iwe nusu iliyo ya watoto kweli. Keti na wadogo zako, uwape mambo matatu, uwaache wachague moja. Pika viazi usiku. Rudi nyumbani mapema, kabla mvua na nauli havijapanda, watoto wakiwa bado na nguvu za kusimulia. Kisha nyamaza uwasikilize, maana ukitaka kujua kama ulipanga vema, watakuambia wao. Wakikuuliza mtakwenda lini tena, wewe umewapa mji wao.