Kumwaga Chang'aa Hakumtibu Mnywaji

Polisi wakiingia Makina, mtaa wa Kibera, kazi huwa ni ileile. Mitungi inamwagwa mtaroni, mama pima anapandishwa gari, shughuli imekwisha. Kesho yake alfajiri mnywaji aliyezoea anaamka mwili unamtetemeka, hata kikombe cha chai hakishiki kwa mkono mmoja. Atateremka hadi Lindi au Laini Saba kutafuta ya kutoa loki, na ataipata.

Misako tumeiona miaka nenda miaka rudi. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980. Mwaka 2010 sheria nyingine ikairuhusu, mradi mpishi awe na leseni na pombe iwe ndani ya chupa. Huku mitaani bado inapikwa kwa siri na kupimwa kwa glasi, na wenye tamaa huitia methanoli. Novemba 2000 sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100 Nairobi, wengi wao wakazi wa Mukuru. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga. Methanoli ikifika kwenye ini hugeuka asidi inayopofusha macho, kisha huua.

Kwa hiyo polisi wamkamate mwenye kuuza sumu. Hatuna ugomvi na hilo. Ila mnywaji ana ugonjwa, na rungu halimtibu. Pombe ya kila siku huharibu ini na kuuzoesha ubongo kiasi kwamba ikikatwa ghafla mwili hupagawa: kutetemeka, jasho, pengine kifafa katika siku mbili za kwanza, kisha kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Wapo wanaokufa hivyo. Jamaa wanaomfungia mgonjwa chumbani "mpaka aache" wanacheza na roho yake bila kujua.

Tiba ipo, na siku zake za kwanza hazihitaji mitambo. Ni diazepamu kwa siku chache chini ya uangalizi wa daktari, vitamini B1, maji na chakula. Baada ya hapo huja ushauri nasaha, wenzake walioacha, na kazi ya kumshughulisha. Anayetaka kulazwa huelekezwa hospitali ya Mathari, ng'ambo ya pili ya jiji. Nani atampandisha mtu anayetetemeka matatu mbili?

Ngara kuna kliniki ya methadoni kwa waliozama katika heroini. Mgonjwa hunywa dozi yake mbele ya muuguzi, kisha anakwenda zake kazini. Ikiwa hilo limewezekana kwa heroini, pombe imekosa nini?

Tunataka mambo mawili. Kaunti ya Nairobi iweke diazepamu na vitamini B1, pamoja na mshauri aliyefunzwa, katika vituo vya afya vya Kibera na Kawangware. Pili, wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 wanapita nyumba kwa nyumba na mikoba ya kupimia presha na sukari, waulize pia habari za pombe, bila kukemea mtu.

Nawe msomaji mwenye ndugu anayekunywa kila siku, usimkatie ghafla. Mpeleke kituo cha afya, au piga 1192, nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi. Akianza kifafa au akisema haoni vizuri, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.