"Amekwisha" Si Neno la Haki kwa Mkimbiaji Mkongwe

Wahenga walinena kuwa hakuna marefu yasiyokuwa na ncha. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na watangazaji wetu wa michezo, na hata sisi wapenzi wa Kiswahili, ambao mwanariadha akishavuka miaka 35 humhukumu kwa neno moja: amekwisha.

Nyumbani kwetu Ekero, karibu na Mumias, mwanamume wa makamo akionekana akikimbia alfajiri kandokando ya mashamba ya miwa huulizwa anafukuzwa na nini. Baba yangu mdogo aliulizwa hivyo mara ayami, hatimaye akavisukuma viatu vyake uvunguni mwa kitanda. Alikuwa na miaka 46. Mimi nami nilicheka pamoja na waliomcheka, na jambo hilo hunikera hadi leo.

Ni kweli kwamba umri hutoza ushuru. Upeo wa mapigo ya moyo hupungua, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka, na misuli ya kasi hupukutika. Hata hivyo, kwa anayeendelea na mazoezi, huo aghalabu ni mteremko wa taratibu hadi anapokaribia miaka 70. Hapo ndipo unapokuwa mkali.

Tumtazame Edna Kiplagat, aliyezaliwa mwaka 1979. Alishinda marathoni ya Boston mwaka 2017 kwa muda wa 2:21:52. Mwaka 2024, akiwa na miaka 44, aliirudia njia ile ile akawa wa tatu kwa 2:23:21. Miaka saba imemtoza dakika moja na sekunde 29! (Nakiri kwamba viatu vya siku hizi husaidia, na hali ya hewa haifanani kila mwaka.) Eliud Kipchoge alipojiondoa mbioni jijini Paris mwaka 2024, wengi walimzika akiwa hai. Aprili 2025, akiwa na miaka 40, alikuwa wa sita London kwa 2:05:25. Muda huo si ule wa 2:01:09 alioandika Berlin mwaka 2022, lakini je, ndio mwisho huo? Mkanada Ed Whitlock alikimbia marathoni kwa 2:54:48 akiwa na miaka 73, na kwa 3:56:34 akiwa na miaka 85. Naam, saa nzima na ushei ilipotea. Lakini mzee alifika.

Sukari ndiyo hwisha mkebeni. Mkimbiaji hupungua, na Kiswahili hakikosi kitenzi hicho. Katika siku za michezo za shule zetu, wazee hukimbizwa kwa mzaha ili umati ucheke. Napendekeza wapimiwe muda kwa saa, umri wao uandikwe, na mwakani walinganishwe na nafsi zao.

Baba mdogo sasa ana miaka 52. Viatu vingali uvunguni. Likizo ijayo nitavitoa mwenyewe, nivikung'ute vumbi, kisha nimbishie mlango kabla ya adhana ya alfajiri.