Dawa ya moyo haiazimwi kwa jirani

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mliohama Lubunga tangu mapigano ya Wambole na Walengola ya mwaka 2023, leo nasema juu ya vidonge vya moyo. Maoni yangu ni haya: tuache kugawana vidonge hivyo. Kila aina ina kazi yake na hatari yake.

Kwanza, jina lenyewe linatuchanganya. Kwa Kifaransa, «angine» ni ugonjwa wa koo. «Angine de poitrine» ni ugonjwa mwingine kabisa: mishipa inayolisha moyo imekuwa myembamba, na mtu akibeba mzigo au akipanda mlima, kifua kinabanwa. Maumivu yanaweza kufika mkono au taya, kisha yanapungua akipumzika. Ukimwambia muuza dawa «nina angine» tu, unaweza kurudi na amoksisilini huku moyo unaumia.

Sasa tuzilinganishe dawa. Trinitrini inawekwa chini ya ulimi na inatuliza maumivu kwa dakika chache, maana inafungua mishipa. Keti kwanza, kwa sababu presha inashuka na kizunguzungu kinaweza kukuangusha. Wanaume wanisikie vizuri: trinitrini pamoja na Viagra, au dawa zingine za aina hiyo, vinaweza kuua.

Atenololi na bisoprololi hupunguza mwendo wa moyo. Humezwa kila siku ili kuzuia maumivu. Hazizimi maumivu yaliyokwisha kuanza. Kwa mwenye pumu zinaweza kufunga pumzi. Tena, ukiziacha ghafla, maumivu yanaweza kurudi kwa nguvu, hata moyo kupata shambulio.

Amlodipini hulegeza mishipa, na munganga anaweza kuichagua kwa mwenye pumu. Inaweza kuvimbisha miguu. Verapamili ni jamaa yake, lakini ikichanganywa na bisoprololi, moyo unaweza kwenda polepole kupita kiasi. Aspirini ya kipimo kidogo huzuia damu isigande. Si ya kuondoa maumivu ya kifua, na mwenye vidonda vya tumbo aseme kabla ya kupewa.

Basi ipi ni bora? Hakuna. Bora ni ile iliyochaguliwa na munganga baada ya kupima presha na kuuliza magonjwa yako mengine. Kidonge kilichomsaidia mama wa jirani kinaweza kumfungia pumzi mtoto wako mwenye pumu.

Najua jibu lenu: jirani anatoa bure, munganga anaomba franga. Ni kweli, na hapo kosa si la familia peke yao. Orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS, inazo trinitrini, bisoprololi na verapamili. Kwa hiyo wanaosaidia waliohama wasilete dawa za malaria na kuhara tu. Wanapoandikisha familia, waulize: nani hapa anameza dawa kila siku, na zimebaki ngapi? Aliyekimbia bila vidonge vyake vya moyo yuko hatarini kama mwenye homa.

Upande wetu, tutunze ordonansi pamoja na kadi ya uchaguzi, ndani ya mfuko usioingiza maji. Iandikwe jina la dawa, kipimo na saa za kumeza. Ukilazimika kuhama tena, karatasi hiyo inamwambia munganga mpya pa kuanzia.

Na maumivu ya kifua yasiyoisha kwa robo saa ya kupumzika, usiyangojee asubuhi. Nenda hospitali. Mnaokaa ng'ambo ya mto, jueni tangu leo ni nani mwenye mtumbwi atakayewavusha usiku.